Kondoo Aliyeandikwa Samaki

Lori halikumgonga.

Nimeulizwa wiki nzima, basi nalisema mwanzo ili tuendelee. Breki zilishika, matairi yakachimba mchanga, na bampa likasimama mbele ya tumbo la Kalolaine, karibu kiasi kwamba mkeka wa heshima aliojifunga kiunoni ulipata vumbi la taa. Hakurudi nyuma. Mikono yake ilikuwa bado imetandazwa, mmoja kwenye nguzo hii ya geti, mwingine kwenye nguzo ile.

"Mama, nusura nikuue," alisema Sefita dereva, kichwa nje ya dirisha.

"Hujaniua. Rudisha gari."

"Nimeambiwa nilete."

"Na mimi nakuambia rudisha. Nani mkubwa kwenye ua huu?"

Jibu Sefita alilijua, kama alivyolijua kila aliyekuwa amesimama pale. Kesho yake, Jumamosi, Latai binti Lisiate alikuwa anatimiza miaka ishirini na mmoja, na kwenye sherehe ya mtoto, shangazi yake wa upande wa baba ndiye fahu. Fahu hukalishwa juu ya mikeka mizuri kuliko yote. Keki ya juu kabisa ni yake. Neno lake halipingwi na baba, wala mama, wala mchungaji. Na Kalolaine ni dada mkubwa wa Lisiate.

Nyuma ya lori yalipangwa maboksi ya sipi. Kwa asiyeijua, sipi ni mbavu za kondoo zinazoletwa kutoka ng'ambo zikiwa zimeganda, nyama kidogo na mafuta tele, yale meupe yanayokwama kwenye kaakaa ukichelewa kunywa chai. Juu ya maboksi zilikaa kreti za soda, nyekundu na za machungwa.

Na barazani alikaa mwenye nyumba, Lisiate, mfanyakazi wa ghala la barafu la bandarini, mguu wa kushoto juu ya kigoda, bendeji mpaka kifundoni. Kidole gumba kilishaondoka. Daktari alimwambia Fusi, mke wa Lisiate, kwa maneno ya wazi: sukari isiposhuka kidonda hakitafunga, na kisipofunga atakata chini ya goti. Jumatatu angeangaliwa tena.

Hilo ndilo lililomsimamisha Kalolaine getini. Alikuwa anautetea mguu wa ndugu yake.

Kwetu kaka na dada wakishakua hawabishani ana kwa ana. Hawakai chumba kimoja, hawaketi benchi moja. Kwa hiyo ugomvi ulikwenda na kurudi kwa miguu ya Fusi, aliyekuwa bado ameshika mwiko.

"Mwambie dada," Lisiate alisema, akiuangalia ukuta, "kwamba mwanangu hatasherehekewa kwa majani. Majani ya magimbi na tui bila sipi ndani ni chakula cha mbuzi. Watu wapande meli kutoka visiwa vya Haapai waje kula chakula cha mbuzi?"

Fusi akaenda mpaka getini. "Wifi, anasema anashukuru kwa ushauri."

"Nimemsikia, Fusi. Sauti yake si ndogo."

"Sasa mimi natembea kwa nini?"

"Ndiyo adabu. Mwambie jodari mzima nimeleta, pweza nimeleta, na nguruwe wake wawili wapo bandani. Majani tutafungia samaki. Atakayeondoka na njaa aje kwangu nimpikie tena. Lakini sipi ikiingia humu, haitaisha kesho. Itabaki kwenye friza, na yeye anaishi ndani ya friza hilo."

Fusi akarudi barazani. "Anasema anakupenda sana."

"Amesema friza."

"Na friza pia amelitaja."

Majirani walikwisha kujaa kwenye uzio. Wengine walikuwa wamekuja kusaidia kuchimba shimo la kuokea, na majembe wakayatupa, kwa sababu shimo lingengoja, ugomvi usingengoja.

Nawakumbusha tu wale walioanza kusoma safu yangu leo. Serikali ilipopandisha ushuru wa sipi, soda na tambi za paketi, na kuuondoa kwenye samaki na mboga, wenye maduka wote walinung'unika isipokuwa Kalolaine. Yeye alilitoa nje friza lake la sipi, akaling'oa kifuniko, akapanda vitunguu vya majani ndani yake. Tangu siku hiyo nusu ya kijiji hawaingii dukani kwake, na nusu nyingine huingia kwa mlango wa nyuma.

"Serikali imeingiza mkono mpaka kwenye sufuria zetu," mama mmoja alisema kutoka kwenye uzio. "Na wewe unaishikia kifuniko."

"Mwenye hela zake bado anakula anachotaka," mwingine akaongeza. "Ushuru umemfunga mdomo maskini peke yake."

"Hapo umesema kweli," Kalolaine akajibu, mikono bado kwenye nguzo. "Ndiyo maana ushuru wa samaki ulipotoka, bei yangu ilishuka siku ileile. Nitajie duka jingine lililoshusha."

Mama wa tatu akahamia kwenye mboga.

"Lakini kabichi yako haina ladha, Kalolaine."

"Kabichi haina kosa. Ulimi wako umepakwa mafuta tangu ubatizo. Upe mwezi mmoja upumue."

Wakacheka, hata yule wa kifuniko. Na mambo yangeishia kwenye kicheko kama gari jeupe lisingesimama kando ya lori.

Akashuka Kepueli.

Mnamfahamu. Duka lake ndilo kubwa kuliko yote upande wa Hihifo, na spika lake linatangaza sipi asubuhi mpaka jioni. Yeye mwenyewe ni mwembamba, ngozi safi, meno yote mdomoni. Mpishi wake husema nyumbani kwa tajiri yule sipi haijawahi kuingia jikoni. Wanakula samaki wa kuchoma na ndimu.

"Mama Kalolaine," alisema kwa upole. "Jua kali. Mbona unamchosha dereva wangu?"

"Mwite akurudishe nyumbani mpumzike wote."

"Sipi hii imenunuliwa."

"Na mlaji wake mguu umeoza. Rudisha."

Kepueli akaangalia uzio, akaona watu ni wengi, akatabasamu. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Akafungua buti la gari, akatoa mkeka mzuri uliokunjwa, akautandika juu ya maboksi ya mbele. Akavua viatu. Akaketi chini mchangani mbele ya Kalolaine, miguu imekunjwa, kichwa kimeinama, na akaanza kusema kwa ile sauti ya heshima inayosemwa kwenye misiba na harusi.

Watu wote wakaketi. Huwezi kusimama maneno hayo yakisemwa.

"Fahu," Kepueli alisema, "sisi wa dukani ni watu wadogo. Tumekuja na kijizawadi kisichofaa. Maboksi haya si ya sherehe. Hela ya Lisiate nitamrudishia. Maboksi haya na mkeka huu ni yako wewe, kwa heshima ya mtoto."

Fusi akafunika mdomo kwa mwiko.

Mtego huo, wasomaji wangu, mtu wa kwetu hutegwa na mtu wa kwetu tu. Zawadi ya fahu ikiwekwa chini mbele ya watu haikataliwi. Ukiikataa umemvua nguo mwenye nyumba, umemvua na mtoto, na mpaka uzeeni Latai angeitwa yule ambaye shangazi yake alikataa mkeka. Kalolaine akigoma, amemwaibisha ndugu yake. Akipokea, sipi imeingia getini kwa idhini yake mwenyewe.

Latai, aliyekuwa anafua vitambaa vya meza, alikuja akaketi nyuma ya shangazi yake. "Pokea tu, shangazi," alinong'ona. "Mimi sitakula."

"Si wewe ninayemwogopea, mwanangu."

Kalolaine akashusha mikono. Akaketi palepale kwenye njia ya geti. Akasema neno moja, "Malo," yaani asante, na uzio mzima ukashusha pumzi. Barazani Lisiate alicheka kwa sauti. Kepueli akainua kichwa, meno yote nje.

"Nimepokea," Kalolaine alisema. "Mkeka nimeupokea, na maboksi nimeyapokea. Sasa ni yangu?"

"Yako kabisa, mama."

"Niyafanye nitakavyo?"

"Fahu haulizwi."

"Ninyi kwenye uzio mmesikia?"

Wakasema wamesikia.

Kalolaine akasimama, akajipangusa mchanga, akaenda ubavuni mwa lori. Akaliangalia boksi la kwanza. Amekuwa mwenye duka kwa miaka mingi. Boksi analijua kama mama anavyojua nepi. Pembeni palibandikwa karatasi mpya yenye picha ya samaki. Akaingiza ukucha chini ya pembe ya karatasi, akaikwangua. Chini yake akatokea kondoo.

"Kepueli," akauliza, "kondoo huyu alijifunza kuogelea lini?"

Kicheko kilianza upande mmoja wa uzio kikahamia wa pili. Kepueli hakucheka.

"Makosa ya kiwandani," alisema.

"Nami nilikuwa nashangaa unawezaje kuuza sipi kwa bei ya zamani, na wenzako wote wanalia. Kumbe bandarini imepita kama samaki, ushuru haikulipa hata senti." Akageuka. "Sefita, usishushe kitu. Geuza gari."

"Niende wapi, mama?"

"Bandarini, kwa watu wa forodha. Mali hii ni yangu, na mali yangu haikai kijijini bila kulipiwa ushuru. Nitalipa wote. Ikiwa wataichukua waichukue."

Hapo ndipo rangi ilipomtoka Kepueli. Nilikuwapo, niliona. Midomo iligeuka kama ya mtu aliyetapika.

"Mama, usifanye utoto. Zawadi haipelekwi kwa watu wa forodha."

"Umesema fahu haulizwi."

"Unaharibu sherehe ya mtoto."

"Mtoto yuko hapa. Latai, naharibu?"

Latai akasimama, mikono bado ina povu. "Panda gari, shangazi."

Kalolaine akapanda. Aliketi mbele, akauweka mkeka wa zawadi mapajani, akafunga mlango. Sefita akashika ufunguo, akamwangalia tajiri wake.

Na hapo Kepueli akatulia. Ghafla, kama mtu aliyekumbuka kwamba mlango wa pili haukufungwa. Rangi ikarudi. Akavaa viatu vyake kwa utaratibu, kimoja, halafu kingine, akamwambia dereva:

"Mpeleke. Mpeleke anakotaka. Tena mimi nawashukuru ninyi majirani, nyote mmemsikia akisema maboksi ni yake."

Kalolaine hakuipenda sauti hiyo. Lakini alikuwa amekwisha kukaa.

Fusi akaja mbio kutoka barazani, safari hii bila mwiko.

"Wifi. Anasema ushuke."

"Amesema nini hasa?"

"Hayo hayo. Sina la kubadilisha. Anasema ushuke, anakuomba."

Kalolaine akamtazama wifi yake usoni. Miaka yote ya kubeba maneno, Fusi hakuwahi kuyaleta mabichi namna hiyo.

"Mwambie mimi naenda. Asiutoe mguu kwenye kigoda."

"Ameshautoa."

Alikuwa ameshautoa. Lisiate alikuwa anashuka ngazi za baraza, mkono kwenye ukuta, halafu bila ukuta. Alivuka ua juu ya bendeji, polepole, na nyuma yake mchanga ukabaki na doa, na mbele kidogo doa jingine. Watu waliinamisha macho. Kuona mwanamume anamwendea dada yake ana kwa ana mbele ya halaiki ni sawa na kumwona yuko utupu.

Alizunguka lori. Akafungua mlango. Akajipandisha kwa mikono, akaketi kwenye kiti kilekile, bega kwa bega na dada yake.

Sefita alitaka kushuka kwa aibu. "Kaa," Kalolaine akamwambia. "Wewe unaendesha."

Walikuwa hawajaketi hivyo tangu Lisiate alipoanza kuota ndevu. Hakujua aangalie wapi, akaangalia kioo cha mbele.

"Dada, ukifika pale utakamatwa."

"Mimi? Aliyebandika samaki ni Kepueli."

"Aliyebandika ni mimi."

Nilisema tangu mwanzo wa kisa hiki kwamba Lisiate anafanya kazi kwenye ghala la barafu la bandarini. Na Kalolaine alijua. Lisiate ndiye aliyekuwa anamtolea dada yake mzigo wake wa samaki wa kuganda kila mwezi.

"Samaki halipi ushuru," Lisiate akaendelea. "Lakini Kepueli hajawahi kuleta samaki. Angeandika samaki, wangefungua. Mwenye kuleta samaki huku Hihifo ni mmoja. Mzigo wako hawaufungui, wanakujua. Kwa hiyo..." Akameza mate. "Tuliuingiza kwa jina lako."

"Huu mmoja."

"Huu, na mingine. Tangu ushuru ulipopanda."

"Na wewe alikupa nini?"

Sefita alikuwa ameshika usukani kama mtu anayeuendesha, na gari limezimwa.

"Sipi," Lisiate akasema. "Kila mzigo, maboksi yangu. Bure. Haya ya sherehe tu ndiyo niliyonunua."

Kalolaine aliuangalia ule mguu. Bendeji ilikuwa imelowa mbele, na mchanga wa uani umeshika pale palipolowa. Aliuangalia muda mrefu, hata jirani mmoja kwenye uzio akauliza wanangoja nini.

"Kwa hiyo," alisema, "nilipokuwa nagombana na kijiji kizima kwa ajili ya mguu wako, mguu wako ulikuwa unaliwa kwa jina langu."

"Nisamehe, dada. Tushuke. Tutayazika maboksi shambani, hakuna atakayejua. Ukifika bandarini watakuuliza mali ya nani, na umeshasema yako mbele ya watu wote hawa. Umeona anavyocheka yule?"

"Nimemwona."

"Duka watalifunga. Watakufunga na wewe."

"Wakinifunga watanilisha nini? Muhogo na majani. Ndicho ninachokula."

"Dada, mimi sitanii."

"Hata mimi." Akamgeukia, na Lisiate akainamisha kichwa, maana macho ya dada hayatazamwi. "Tukiyazika leo, mwezi ujao kuna mzigo mwingine. Utabandika tena, utakula tena. Jina langu likichafuka nitalifua mwenyewe, nina mikono. Mguu wako ukishatupwa kwenye ndoo ya hospitali, nitauokota wapi?"

Lisiate alifumba macho.

"Utasema pale kama ulivyosema hapa?" dada yake akamuuliza.

"Nitafungwa."

"Utafungwa ukiwa na miguu miwili. Utasema?"

Jibu lake halikusikika nje. Sefita peke yake alilisikia, na nilipomuuliza baadaye alisema hataki kulirudia, kwamba kuna maneno ya kaka na dada ambayo dereva hapaswi kuyajua. Lakini niliona Lisiate akivuta mkanda wa kiti, akaupitisha kifuani mwake, akaupitisha na kifuani mwa dada yake, akaufunga.

"Washa gari," Kalolaine alisema.

Sefita akawasha. Lori likarudi nyuma, likageuka, maboksi yakagongana, kreti moja ya soda ikaanguka na watoto wakaikimbilia mpaka Fusi alipowatimua kwa kanga.

Kepueli alikuwa amesimama kando ya gari lake jeupe, simu sikioni. Hakuharakisha. Lori lilipompita dirisha lilikuwa wazi, wakamsikia akimwambia mtu wa upande wa pili kwamba mzigo wa magendo uko njiani unakuja, na mwenye mali yumo ndani. Halafu akalitaja jina, taratibu, kipande kwa kipande, kama mtu anayetaka liandikwe bila kosa.

"Ka. Lo. Lai. Ne."

Kalolaine akamgusa Sefita begani ili asimame. Akajipenyeza mbele ya ndugu yake, akatoa kichwa nje ya dirisha, na kiwiko, na bega.

"Mtajie na jina la baba yangu," alimwambia, "ili wasije wakamkamata mtu mwingine kabla sijafika."